Mshiko wa NGF: Neva Inavyoambiwa Iishi na Iume

Wapo watoto wanaozaliwa wasisikie maumivu. Mkono unaungua jikoni, hawalii. Mfupa unavunjika, wanaendelea kutembea. Jasho hawatoki, kwa hiyo hata joto la mchana linaweza kuwaua. Mwaka 1996 watafiti wa Japani walionyesha kwamba chanzo ni hitilafu katika jeni ya TrkA, kipokezi kilichopenya utando wa seli za neva.

TrkA hupokea protini iitwayo NGF, inayochochea neva kukua. Rita Levi-Montalcini, mwanasayansi wa Italia aliyefanya kazi St. Louis, Marekani, aliifuatilia miaka ya 1950 baada ya kuona neva za viinitete vya vifaranga zikichipua kwa fujo karibu na uvimbe wa saratani ya panya. Stanley Cohen aliichuja, akaikuta kwa wingi katika sumu ya nyoka na tezi za mate za panya. Walipata Tuzo ya Nobel mwaka 1986.

Umbo la NGF ndilo linaloeleza kazi yake. Ni minyororo miwili inayofanana kabisa, imelala ubavu kwa ubavu, kila mmoja ukiwa na asidi amino 118. Kwa kuwa ina pande mbili sawa, hushika TrkA mbili kwa mpigo, na hapo hufanya kazi ya mshenga: huwakutanisha wawili, kisha wao wenyewe ndio wanaoamua mambo. Mikia ya vipokezi iliyo ndani ya seli hupachikana fosfeti, na amri ya kuishi na kukua huanza kusafiri.

Picha ya fuwele iliyotolewa mwaka 1999 ilionyesha kwamba mshiko huo una sehemu mbili. Eneo la katikati ya NGF linafanana na la protini za ukoo wake. Lakini ncha yake ya mwanzo, ambayo kwa kawaida huning'inia tu, hujikunja inapogusa TrkA na kukaa mahali pake barabara. Ncha hiyo ndogo ina uzito mkubwa katika kuamua nani amshike nani. Ndugu yake katika ukoo huo, BDNF, huenda kwa kipokezi kingine, TrkB.

NGF ina pia kipokezi cha pili, p75, kinachoshika ukoo mzima. Katika familia moja ya kaskazini mwa Uswidi, asidi amino ya 100 ya NGF imebadilika. Protini yao bado inaishika TrkA, ila p75 inaishika kwa shida. Akili zao ni timamu, lakini maumivu ya mifupa na viungo hawayasikii, na magoti huharibika bila wao kujua.

Kwangu mimi, familia hiyo ilitoa onyo ambalo watengenezaji wa dawa walistahili kulitilia maanani zaidi. Dawa iitwayo tanezumab ilizuia NGF yote ili kutuliza maumivu ya viungo. Kweli yalipungua, lakini viungo vya baadhi ya wagonjwa viliharibika haraka, na mwaka 2021 washauri wa mamlaka ya dawa ya Marekani waliikataa. Afadhali kulenga mguso mmoja wa mshiko kuliko kuifuta protini nzima.

Kinyume chake, tangu 2018 Marekani imeruhusu matone ya NGF yenyewe, cenegermin, kwa macho ambayo neva za konea zimeharibika. Kidonda hupona kwa wagonjwa wengi. Athari inayolalamikiwa zaidi ni jicho kuuma, na haishangazi: kipokezi kinachoiponya neva ndicho kinachoitia makali ya maumivu.