Jasusi Mwenye Miwani na Nakala Zake

Mwaka 1965 Harry Saltzman, aliyekuwa mshirika wa Albert Broccoli katika kutengeneza filamu za James Bond, alitoa senema ya ujasusi iliyokusudiwa kuwa kinyume cha zile zilizompatia mali na sifa. Shujaa wake, Harry Palmer, anayechezwa na Michael Caine, hana gari la ajabu wala silaha za siri. Ni sajini aliyewahi kupatikana na hatia ya magendo alipokuwa jeshini Berlin, anavaa miwani, anasaga kahawa yake mwenyewe kila asubuhi, ni hodari wa mapishi, na hajioni mnyonge kuwauliza wakubwa wake habari za nyongeza ya mshahara. Senema hiyo, The Ipcress File, ilitokana na riwaya ya Len Deighton iliyochapishwa mwaka 1962, na ilipokwisha kuonyeshwa ikatunukiwa kuwa filamu bora ya Kiingereza ya mwaka ule, ilhali mpiga picha wake Otto Heller, mzaliwa wa Prague, akapewa tuzo ya upigaji picha za rangi, na Ken Adam, aliyebuni mandhari, akapewa ya kwake.

Tangu siku hizo filamu hii imeingia majumbani kwa milango mingi: kwanza kanda za video, kisha DVD, na baadaye Blu-ray, na kwa kuwa Uingereza ilisambazwa na Rank na Marekani ikasambazwa na Universal, haki zake zilikwenda njia mbali mbali, na makampuni yasiyojuana yakaitoa kila moja kwa namna yake. Mnunuzi aghalabu hudhani kwamba tafauti baina ya nakala hizo ni ya jalada na bei, na kwamba kilichomo ndani ni kitu kimoja. Kwa filamu nyingine pengine dhana hiyo haina madhara makubwa. Kwa hii ina madhara, kwani hapa namna ya kuonyesha ndiyo hikaya yenyewe, na nakala iliyopunguzwa humsimulia mtazamaji habari nyingine kabisa.

Mwongozaji, Sidney J. Furie, kijana kutoka Kanada, hakutaka mtazamaji aone mambo waziwazi. Aliiweka kamera sakafuni, au juu karibu na dari, au nyuma ya kitu: wakubwa wawili wa idara ya siri wanazungumza, nasi tunawatazama kwa chini ya kofia ya taa iliyofunika nusu ya kiwambo, mtu anaingia chumbani, na bega la mwenzake, jeusi, kubwa, limeziba njia ya macho yetu. Katika onyesho mashuhuri kuliko yote, Palmer anapigana na mlinzi wa adui yake kwenye ngazi zilizo nje ya jumba la Royal Albert Hall, na wakati ambapo mwongozaji mwingine angetusogeza hadi tuhesabu makonde, Furie ametufungia ndani ya kibanda cha simu, tukitazama ugomvi ule kwa mbali kupitia vioo vyake vyenye fremu nyekundu. Saltzman hakupendezwa na mtindo huo. Walakini ndani yake mna maana iliyo wazi kwa kila atakayetulia: tunawatazama watu hawa kama majasusi watazamavyo, kwa kujificha, kwa kuchungulia, pasi na kupewa kamwe habari nzima. Palmer mwenyewe hajui ni yupi kati ya wakubwa wake wawili, Ross na Dalby, aliye msaliti. Na sisi, kwa ile taa na lile bega, tumetiwa katika ujinga ule ule.

Ili kufahamu kwa nini nakala za filamu hii zimetafautiana mno hatuna budi kuingia kidogo katika ufundi. Filamu ya milimita 35 ina matundu pembeni, na kwa kawaida kila picha huchukua kimo cha matundu 4. Njia iitwayo Techniscope, iliyobuniwa na tawi la kampuni ya Technicolor lililokuwa Italia, ilitumia matundu 2 tu kwa kila picha, hata ikapatikana picha pana na nyembamba, na mtengenezaji akaokoa nusu ya filamu aliyopaswa kununua. Sergio Leone aliitumia katika filamu zake za wachunga ng'ombe kwa sababu hiyo ya uchumi. Lakini fauka ya uchumi ilikuwa na faida nyingine, ambayo Heller aliijua vyema: iliruhusu lenzi za kawaida, fupi, zinazoweza kukishika kwa ukali kitu kilicho karibu sana na kamera pamoja na kilicho mbali. Ile kofia ya taa iliyo mbele ya pua zetu, na yule mtu aliye mwisho wa chumba, wote wawili wanaonekana barabara. Kwa lenzi za mkandamizo, zinazoibana picha pana ipate kuenea, zilizokuwa zikitumiwa katika filamu pana nyingine, jambo hilo lilikuwa gumu.

Dosari yake ni kwamba negativu ilikuwa ndogo, na kitu kidogo kikikuzwa sana huonyesha chembechembe zake. Zamani dosari hiyo ilisetiriwa na ustadi wa Technicolor wa kuchapa nakala kwa wino wa rangi tatu, uliogandamizwa mmoja baada ya mwingine juu ya filamu tupu. Katika njia hiyo mabamba ya kuchapia yalipatikana moja kwa moja kutoka katika negativu, bila ya kupita katika nakala za kati, na rangi zake zilidumu miaka mingi bila kufifia. Katika miaka ya 1970 Technicolor wakaiacha kazi hiyo, kwa kuwa ilikuwa ghali na ya polepole. Tangu hapo nakala ya Techniscope ililazimika kupita mikono miwili mitatu kabla ya kufika kwenye kiwambo, na kila mkono ukaongeza chembechembe na kupunguza uzuri. Mabwana wa video walipoitaka filamu hii, basi, mengi yalitegemea ni nakala gani waliyoitoa ghalani: ile iliyo karibu na asili, au mjukuu wake aliyechoka.

Kanda za video zilifanya dhuluma kubwa zaidi. Upana wa picha ya Techniscope, kama inavyoonyeshwa senemani, ni mara 2.35 ya kimo chake, na upana wa televisheni za zamani ulikuwa mara 1.33 tu. Ili kukijaza kioo, makampuni yalikata pande, na mtu aliyekaa kwenye mtambo akawa anachagua ni sehemu gani ya picha ionekane na ipi itupwe. Hesabu yake si ngumu: zaidi ya asilimia 40 ya kazi ya Heller ilikatwa. Katika filamu iliyopigwa kwa kumweka mhusika katikati hasara hiyo huvumilika. Lakini Furie alikuwa akiwaweka watu wake makusudi kwenye kingo, huku katikati pamezibwa na kitu. Ukikata kingo, ama unabaki na ile taa peke yake, ama unamfuata mtu na kuipoteza taa, na kwa njia zote mbili siri imekwisha. Mazungumzo ya Ross na Palmer dukani, kila mmoja akisukuma kitoroli chake baina ya safu za vyakula vya makopo, yanakuwa nyuso mbili zinazopokezana zamu, na ule umbali wa tabaka baina ya afisa na sajini, uliokuwa umepimwa kwa upana wa kiwambo, umetoweka.

Kuna jambo jingine la kanda ambalo halitajwi sana, nalo kwangu lina uzito. Mara ya kwanza tunapomwona Palmer anaamka. Anatazama, na kila kitu ni ukungu, mpaka aitafute miwani yake na kuivaa, ndipo ulimwengu unapokaa sawa. Katika sekunde chache tumeelezwa kwamba huyu ni mtu ambaye macho yake hayatoshi. Kanda ya video, kwa asili yake, ni ya ukungu tangu mwanzo hadi mwisho, hata ikawa vigumu kujua ni wapi ukungu wa mwongozaji unapoishia na wa kanda unapoanzia.

DVD ilirejesha upana. Kampuni ya Anchor Bay ya Marekani ilitoa diski yenye picha kamili, na ikaongeza zawadi ambayo haijapitwa na wakati, yaani maelezo ya sauti ya Furie mwenyewe pamoja na mhariri Peter Hunt, aliyekuwa pia mhariri wa Dr. No na Goldfinger. Uingereza nayo, kampuni ya Network, iliyokuwa na mapenzi ya dhati kwa senema na televisheni za nchi yake, ikatoa toleo lenye mahojiano na Caine na Ken Adam. Walakini DVD za Uingereza zilikuwa na kasoro yake. Senema huenda picha 24 kwa sekunde. Mfumo wa PAL, uliotumika Uingereza na vilevile Tanzania na Kenya, huenda 25. Badala ya kubuni picha ya ziada, makampuni huiharakisha filamu kidogo, na saa moja na dakika 49 za The Ipcress File zikapungua kwa dakika kama nne. Mwendo huo jicho haliutambui. Sikio ndilo linaloonewa, kwa sababu sauti zote hupanda, na muziki wa John Barry katika filamu hii umesimama juu ya chombo kimoja kiitwacho cimbalom, chenye nyuzi nyingi zinazogongwa kwa vijiti, jamaa wa mbali wa kanuni ya taarabu, isipokuwa kanuni huchunwa kwa vidole. Mlio wake wa baridi na wa upweke ulitungwa uwe pale ulipo; ukipandishwa hata chini ya nusu ya hatua, huzuni yake inapungua. Asiyewahi kuisikia katika kimo chake cha haki hatakosa kitu, lakini aliyeisikia hatastarehe.

Blu-ray imeliondoa tatizo hilo, kwa kuwa inaweza kuhifadhi picha 24 kwa sekunde kama zilivyo, na mistari yake 1080, mbele ya 576 ya DVD ya Uingereza na 480 ya Marekani, inatosha kuonyesha ufumaji wa koti la Palmer na maandishi ya magazeti yaliyobandikwa jikoni mwake. Hapa ndipo ulipozuka ubishi mpya, wa chembechembe. Watazamaji wa leo, waliozoea picha laini za kidijitali, huziona kuwa uchafu, na yapo makampuni ambayo, kwa kuwaridhisha, husafisha picha za filamu za kale kwa mitambo hata nyuso za waigizaji zikawa kama nta. Nasema bila ya kusitasita kwamba huko ni kuharibu. Chembechembe za Techniscope ni mwili wa picha. Ukiziondoa, huondoi vumbi lililokaa juu, unaondoa nyuzi za koti, vinyweleo, ukungu wa asubuhi ya London, na yale maonyesho ya mateso karibu na mwisho, Palmer akiwa katika chumba chenye mianga ya rangi na makelele, akijichoma kiganja kwa msumari ili akili yake isitekwe. Rangi zile zinahitaji weusi mzito wa kuzizunguka. Nakala iliyong'arishwa kupita kiasi huugeuza weusi kuwa kijivu, na chumba cha kutisha kikawa kama ukumbi wa starehe.

Anayeitafuta akiwa Dar es Salaam au Mombasa na azingatie pia mipaka iliyowekwa na makampuni. DVD za Marekani ni za eneo 1, za Uingereza ni za eneo 2, na sehemu kubwa ya Afrika, pamoja na Afrika Mashariki, imewekwa katika eneo 5, hata mashine inayofuata sheria hizo ikaikataa diski ya London; jamaa zetu walioko Muscat wako pamoja na Uingereza katika eneo 2. Kwa Blu-ray mambo yamekuwa mepesi: Afrika, Ulaya na nchi za Ghuba zote ni eneo B, na Marekani, ambako Kino Lorber wametoa toleo lao, ni eneo A. Kampuni ya Network ilifunga milango mwaka 2023, na diski zake sasa hupatikana kwa wauzaji wa vitu vilivyotumika. Mwenye mashine isiyobagua maeneo ana ikhtiari. Asiye nayo asome nyuma ya jalada kabla ya kutoa pesa yake, aangalie herufi ya eneo, aangalie kwamba upana umeandikwa 2.35, na aangalie kwamba sauti ya asili, ya mkondo mmoja, imo, hata kama pembeni yake wameweka nyingine iliyotanuliwa kwa spika nyingi. Na akikuta maelezo ya Furie na Hunt yamewekwa humo, ayasikilize katika mara ya pili ya kutazama. Mara ya kwanza inafaa aachwe peke yake na ile taa, ile simu, na yale mabega yanayomziba njia.