Kiendeshi Kisijisajili Kabla Hakijawa Tayari

Malori yanayotoka Dar es Salaam kwenda Zambia na Kongo hupimwa uzito Mpemba kabla ya kufika mpakani Tunduma. Tuseme fundi kijana wa Vwawa amepewa kazi ya kuandika kiendeshi (driver) cha Linux kwa kadi mpya ya mizani ya aina hiyo. Kiendeshi kinafanya kazi miezi kadhaa bila shida. Siku moja umeme unakatika, unarudi lori likiwa juu ya mizani, na keneli, kiini cha Linux, inaanguka kompyuta ikiwaka.

Kosa liko kwenye mpangilio wa mistari. Keneli ikiikuta kadi, huita fanksheni ya kiendeshi ambayo kwa desturi huitwa probe. Humo fundi ameita request_irq, inayoiruhusu kadi kuikatiza prosesa kila data inapofika, kisha ndipo akaandaa kufuli na bafa ya vipimo. Lakini kadi yenye kipimo mkononi haingoji mstari unaofuata. Inaweza kukatiza hata kabla request_irq haijarudi. Fanksheni ya kupokea inakimbilia bafa ambayo haipo, inafuata pointa tupu, basi. Siku zote zile mizani ilikuwa tupu wakati wa kuwasha, kwa hiyo kosa lilijificha.

Ukatizaji ni mlango mmoja wa kosa hili; mlango wa pili ni wa programu za watumiaji. Jina la kifaa likishatokea kwenye /dev, programu yoyote inaweza kulifungua kwenye koa nyingine ya prosesa huku probe ikiendelea. Ni kama kuinua geti la mpaka wakati maofisa bado wanapanga meza. Corbet, Rubini na Kroah-Hartman walionya kuhusu hili katika Linux Device Drivers, toleo la 2005, na bado watu wanalikosea.

Wapo wanaotibu kwa kuisubirisha programu nusu sekunde. Hiyo si dawa, ni kamari. Dawa ni utaratibu: tenga kumbukumbu, andaa kufuli, foleni na bafa, nyamazisha kadi kwenye rejista zake, ndipo uite request_irq. Kadi iruhusiwe kusema baada ya hapo, na usajili wa /dev uwe wa mwisho kabisa. Ikiwa saa au umeme wa kadi unategemea kiendeshi kingine ambacho hakijapanda, rudisha -EPROBE_DEFER, iliyoingia Linux mwaka 2012, na keneli itajaribu tena baadaye.

Kiendeshi kinapoondolewa, utaratibu ni kinyumenyume, na hapa devm_request_irq, aina ya request_irq inayojiachia yenyewe, huwaponza wengi: huachia ukatizaji baada ya remove, fanksheni ya kuondoa, kumalizika. Ukiwa umefuta bafa kwa kfree ndani ya remove, kadi bado inaweza kubisha hodi.

Kwa hiyo, kabla ya kukabidhi kazi, pitia kila mstari wa probe unaosajili kitu, ujiulize: kikiitwa sasa hivi, kitakuta nini?