Mto Mara na Mizani ya Nchi Mbili

Mto Mara, uliovuma duniani kwa ajili ya nyumbu wanaouvuka kila mwaka, hauanzi katika mbuga hizo mashuhuri, bali katika kinamasi cha Enapuyapui juu ya milima ya Mau nchini Kenya; na kutoka huko maji hushuka kwa mito miwili, Nyangores na Amala, yakapita katika mashamba ya Bomet na Narok, yakakutana, yakaingia Maasai Mara, yakavuka mpaka hadi Serengeti, na baada ya safari ya kilomita zipatazo 400 yakamiminika katika Ziwa Victoria karibu na Musoma. Takriban thuluthi mbili za bonde lake ziko Kenya, na thuluthi moja, pamoja na kinamasi kikubwa cha nyanda za chini, iko Tanzania.

Hapo ndipo ilipo asili ya mashaka. Afyekaye mti huko juu aghalabu haoni taathira ya shoka lake, kwa kuwa udongo uliosombwa na mvua kutoka shambani mwake huenda kutua mbali, pengine katika nyavu za mvuvi wa nchi nyingine. Mwaka 2009 jopo lililoundwa na serikali ya Kenya lilieleza kwamba misitu ya Mau kwa jumla ilikuwa imepoteza karibu robo yake katika miaka 15. Na ardhi iliyovuliwa miti hainywi mvua polepole kama ilivyozoea, hivyo mafuriko huja kwa ghadhabu wakati wa masika, na kiangazi kikiingia mto hukonda.

Serikali hizi mbili hazikukaa kimya. Itifaki ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2003 ndiyo iliyozaa Kamisheni ya Bonde la Ziwa Victoria, yenye makao yake Kisumu. Tangu 2012 tarehe 15 Septemba huadhimishwa kuwa Siku ya Mara. Na mwaka 2015 ikatiwa saini hati ya makubaliano ya kuusimamia mto kwa pamoja. Sheria za nchi zote mbili, kadhalika, zinaamuru kwamba kabla ya kumgawia mtu maji ya kumwagilia au ya kiwanda, yatengwe kwanza yale ya lazima kwa wanadamu na kwa uhai wa mto wenyewe.

Lakini atatengaje asiyepima? Ninaziheshimu sherehe na hotuba, ila kwa insafu yule msoma vipimo anayeshuka ukingoni kuandika kina cha maji ameufaa mto huu kuliko wengi wetu. Kazi yake si nyepesi kama inavyodhaniwa, maana kina peke yake hakielezi wingi wa maji: sharti mwendo wa mkondo na upana wa mto upimwe pia, na kila mafuriko yanapokibadilisha kitako cha mto, hesabu irudiwe. Katika kituo cha Mara Mines, upande wa Tanzania, kumbukumbu za zamani zina mapengo ya miaka, na pengo la namna hiyo halizibiki tena.

Hasara yake ilidhihiri Machi 2022, maji ya Mara yalipogeuka meusi upande wa Tanzania na samaki wakafa. Wapo walioushuku uchimbaji wa dhahabu. Kamati ya serikali ikataja kinyesi cha mifugo na mimea iliyooza. Na wapo wasioridhika na jawabu hilo. Miaka minne kabla yake wataalamu walikuwa wamechapisha uchunguzi juu ya viboko wa Mara, wanaozidi 4,000, wakaonyesha kwamba samadi yao hurundikana katika vidimbwi wakati wa kiangazi, na mafuriko yakiizoa kwa ghafla, oksijeni hupungua majini na samaki hufa. Sababu zinapokuwa nyingi kiasi hicho, hukumu yataka vipimo vya siku zilizotangulia msiba, kuanzia Bomet hadi ziwani, vilivyochukuliwa kwa njia moja na kuaminiwa na pande zote mbili. Vikikosekana, kila mtu hubaki na dhana yake.

Na haja inazidi, kwani yamefikiriwa mabwawa, la Norera upande wa Kenya na la Borenga upande wa Tanzania. Sipingi mabwawa, maana watu wana kiu. Nasema tu kwamba kabla ya jiwe la kwanza kuwekwa, kila nchi imfungulie jirani yake madaftari ya vipimo, na hususa yale ya miezi ya ukame.