Utangulizi: Hadithi na Hukumu Zetu

Euphrase Kezilahabi alipochapisha Rosa Mistika mwaka 1971, riwaya hiyo ilipigwa marufuku katika shule za Tanzania. Ilihofiwa kwamba vijana wangeharibika kwa kuisoma. Miaka ilipita, ikaja kuwa miongoni mwa vitabu vya kusomwa darasani. Hofu ile ni kongwe: Plato alitaka washairi waondolewe katika dola yake, na Aristotle, mwanafunzi wake, akaitetea tanzia kwa sababu ya huruma na hofu inayoamsha.

Karibu, msomaji, katika mjadala huo. Mwaka 1990 Martha Nussbaum, mwanafalsafa wa Marekani, alitoa kitabu chenye hoja kwamba yapo mambo ya maadili ambayo maelezo makavu hayawezi kuyabeba, yanahitaji riwaya. Mimi naafiki, na Rosa, mhusika mkuu wa riwaya ya Kezilahabi, ndiye shahidi wangu. Tungekutana naye akiwa tayari msichana wa kubadilisha wanaume, tungemwita jina moja baya tukaendelea na safari. Kezilahabi hatupi nafasi hiyo. Anatupitisha kwanza nyumbani, Ukerewe, kwa Zakaria, baba mlevi anayempiga bintiye kikatili kwa sababu ya barua ya mvulana. Tukifika kwenye anguko la Rosa, tayari tunajua mengi mno kuweza kumhukumu peke yake. Shaaban Robert katika Adili na Nduguze alikwenda njia nyingine: wema na ubaya wa wahusika umo katika majina yao. Nayo ina thamani yake, lakini haitutaabishi hivyo.

Filamu ina maswali yake. Amil Shivji alipoigeuza Vuta N'kuvute ya Adam Shafi kuwa filamu mwaka 2021, mawazo ya Yasmin, mhusika mkuu, yalilazimika kusomwa usoni mwake.

Tusisahau pia kwamba hadithi hupotosha. Filamu ngapi tumezitazama ambamo mchawi ni bibi kizee? Usukumani vikongwe wameuawa kwa tuhuma za uchawi. Mauaji hayo yalikuwapo kabla ya filamu hizo, ila anayeirudia sura ile kila mara ana la kujibu, na mtafiti asiyemuuliza hajafanya kazi yake.

Kabla ya kufungua sura ya kwanza, isome Rosa Mistika yote. Andika hukumu yako juu ya Zakaria, kisha njoo ubishane nasi.