Mgeni njoo, mwenyeji apone

Msemo huu wa wahenga hunijia akilini kila ninapoikumbuka siku moja ya kuwatuza wanafunzi katika shule niliyokuwa nikifundisha. Mgeni wa heshima alitarajiwa saa nne asubuhi. Tangu saa tatu wanafunzi walikuwa wamejipanga uwanjani, sare zimepigwa pasi, wimbo wa makaribisho u tayari midomoni. Saa nne ikapita, saa sita ikapita. Msafara wa magari ulitokea saa nane na nusu. Kufikia hapo, wasichana wawili wa darasa la tatu walikuwa wamekwisha bebwa hadi kivulini kwa kuzidiwa na jua.

Mheshimiwa hakuomba radhi. Aliwasuta wapinzani wake kwa muda mrefu, akakata utepe wa darasa jipya, akashangiliwa, akaondoka. Waliofaulu walipokea vitabu vyao jioni, mbele ya viti vitupu.

Ada ya kuwaalika viongozi ina asili njema. Mzee Jomo Kenyatta alipoifanya Harambee kuwa wito wa taifa mwaka 1963, wazazi walibeba mawe na mchanga, wakachanga senti zao, wakajenga shule. Kiongozi aliitwa aongeze bega lake kwenye mzigo uliokwisha inuliwa. Baadaye jukwaa likawa kubwa kuliko mzigo. Hata Bunge, katika sheria ya maadili ya mwaka 2003, liliwakataza watumishi wa umma kuzitumia ofisi zao kukusanyia michango ya harambee.

Mwaka huohuo ilianzishwa hazina ya ustawi wa maeneo bunge, iliyojenga madarasa mengi kwa fedha za umma. Fedha hizo ni kodi, na sehemu yake hutoka kwa mama anayenunua kipande cha sabuni dukani. Basi mheshimiwa anapokata utepe wa darasa la namna hiyo, hatoi zawadi. Anawakabidhi wenyewe mali yao. Yatupasa kumshukuru kwa usimamizi mwema, wala si kwa ukarimu.

Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 73, yasema kuwa afisa wa serikali amepewa jukumu la kuwahudumia watu, wala si uwezo wa kuwatawala. Hayo twayafundisha darasani. Walakini, mtoto aliyesimama juani saa tano kumngojea mtumishi wake amekwisha fundishwa kinyume chake, na somo la uwanjani halisahauliki upesi.

Nami simo nje ya lawama. Ndimi niliyewapanga watoto wale, na ndimi niliyewakataza kukaa. Nilichelea kuonekana sina adabu kwa mgeni, nikasahau adabu niliyowiwa na wanafunzi wangu.

Walimu wenzangu, tuendelee kuwaalika viongozi, lakini sherehe ianze kwa saa iliyoandikwa, mgeni awe amefika au hajafika. Watoto wakae kivulini. Kabla ya kupanda jukwaani, mgeni atembezwe penye paa linalovuja na vyoo vilivyojaa. Kisha mwanafunzi mmoja asimame amwulize swali, naye alijibu papo hapo, mbele ya wazazi.

Hapo ndipo mgeni atakuwa amekuja, na mwenyeji atakuwa amepona.