Mzazi Anapopokonywa Maneno

Kwa miaka mingi nimewasomesha wanafunzi wangu habari za Paul Broca, tabibu Mfaransa ambaye mwaka 1861 alieleza kisa cha mgonjwa aliyeweza kutamka silabi moja tu: "tan". Nilidhani naijua mada hiyo. Kisha mama akapatwa na kiharusi, na yeye aliyenifunza kusema akabakiwa na neno moja: "haya".

Nakiri kosa langu. Wageni walipomjulia hali, nilijibu mimi, naye ameketi papo hapo. Siku moja alinishika kwa mkono wa kushoto, ule uliobaki na nguvu, akanikazia macho na kusema, "Haya!" Nikanyamaza kwa aibu.

Kiharusi kinachoathiri upande wa kushoto wa ubongo aghalabu huvuruga usemi, lakini si lazima kiondoe akili. Anayekosa neno yamkini anaelewa, anaudhika na anapenda kama zamani. Basi, walimu na wanafunzi, mwendapo nyumbani likizoni, msiwasemee wazee wenu. Waulizeni maswali ya kujibiwa hata kwa kutikisa kichwa, kisha mngoje. Sisi nasi tulingojewa tulipokuwa tukijifunza kusema.