Gari la Fo Wili Likizimika Shambani: Namna ya Kulivuta Safari Ndefu Bila Kuua Giaboksi

Leo naweka pembeni viwavi na mbolea, tuzungumze gari. Najua utasema bwana shamba kaishiwa mada. Hapana. Gari la mkulima ni zana kama jembe, na mimi nimewahi kuwaharibia wakulima wangu msimu kwa kutojua kulivuta.

Ilikuwa Ruaha Mbuyuni, kule kwenye vitunguu. Kikundi kimoja ninachokihudumia kina Hilux ya zamani, dizeli, gia za mkono. Siku hiyo ilikuwa imepeleka pampu ya maji shambani, ikanasa kwenye tope karibu na mfereji. Dereva akafunga habu za mbele, akaingiza fo wili ya gia nzito, ile 4L, akahangaika nayo karibu saa nzima. Rejeta ilikuwa imejaa tope, injini ikachemka, gasketi ikaungua. Gari kimya.

Trekta ikaitoa mpaka lami. Fundi tunayemwamini yuko Morogoro, na kulikuwa na Fuso tupu linarudi huko. Mwenyekiti wa kikundi, mzee mtaratibu sana, akaniuliza, "Bwana shamba, unaonaje, tuivute tu?" Nikamjibu kwa kujiamini, "Weka nyutro mzee, funga kamba, twende."

Tukaenda. Mzee akawa anasema usukani mzito mno na tairi zinalia kwenye kona. Nikamwambia ni kwa sababu injini imezimwa. Hatujafika Mikumi mjini, moshi ukaanza kutoka chini ya kijiti cha gia, na harufu ya oili iliyoungua. Tulipofungua mlango nikaona kijiti kidogo bado kiko 4L. Habu nazo zimefungwa vilevile. Hakuna aliyezigusa tangu shambani.

Gari iliyoondoka na ugonjwa wa gasketi ikafika kwa fundi ikiwa na ugonjwa wa giaboksi pia. Hela iliyolipa giaboksi ilikuwa ya mbolea ya kukuzia. Vitunguu vilisubiri mbolea wiki kadhaa, na wewe mkulima wa vitunguu unajua maana yake: mavuno yalikuwa vitunguu vidogo vidogo ambavyo madalali walivitazama wakacheka. Mzee hakunilaumu hata neno moja. Ndiyo iliyoniuma zaidi.

Kwa nini nyutro haitoshi

Baadaye fundi alinikalisha chini akanieleza. Gari likivutwa huku magurudumu yako chini, magurudumu yanazungusha difu, difu inazungusha propela, propela inazungusha vyuma vya transfa na giaboksi. Injini imezima, lakini ndani mle bado kuna kazi inafanyika.

Difu haina shida, maana gia yake kubwa inachota oili yenyewe ikizunguka. Giaboksi ni tofauti. Katika gia za mkono, ukiwa nyutro na injini imezima, gia za chini zinazorusha oili zinaweza kusimama huku shafti ya juu inazunguka kavu. Katika otomatiki ni mbaya zaidi, kwa sababu pampu ya oili inaendeshwa na injini. Injini ikizima, hakuna oili inayopanda.

Kwetu ilikuwa 4L. Hapo shafti ya giaboksi ilikuwa inazunguka zaidi ya mara mbili ya mwendo wa propela. Fuso likienda 60, giaboksi letu lilikuwa kama gari linalokimbia zaidi ya 120, bila oili ya kutosha. Na ule usukani mzito na tairi kulia? Ekseli ya mbele na ya nyuma zilikuwa zimefungwa pamoja kwenye lami kavu. Gari lilikuwa linatuambia, mimi nikalitafsiri vibaya.

Kabla ya kufunga kamba

Soma kitabu cha gari kama kipo, maana magari hayafanani. Kama hakipo, fuata hivi:

1. Njia bora ni kulipandisha kwenye lori. Kama ni otomatiki, au ni fo wili ya muda wote kama Land Rover Defender, magurudumu yote manne yasiguse chini. Usikubali linyanyuliwe mbele tu huku ya nyuma yakizunguka.

2. Fo wili ya kuingiza na kutoa, gia za mkono: rudisha kijiti kidogo 2H, zungusha habu zote mbili ziwe FREE, kisha fungua propela ya nyuma. Kama gari halina habu za kuzungusha kwa mkono, fungua propela zote mbili.

3. Weka alama kabla ya kufungua propela. Piga mstari wa rangi pande zote mbili za maungio, ili irudi ilivyokuwa. Ukikosea itatetemeka. Kama upande wa transfa umechomekwa badala ya kufungwa kwa nati, ukiuchomoa oili itamwagika. Hapo mwite fundi azibe.

4. Weka kabari kwenye tairi kwanza. Propela ikitoka, gia haishikilii tena gari. Na kwenye Defender za zamani breki ya mkono iko nyuma ya transfa, hivyo propela ikiondoka nayo imeondoka.

5. Funga kwenye ndoano ya chesisi. Usifunge kwenye bampa wala kwenye vyuma vya usukani.

Kamba au chuma?

Kwa safari ndefu tumia chuma cha kuvutia. Kamba haina breki. Gari la mbele likisimama ghafla, la nyuma linategemea mguu wa dereva wake tu, na mguu huo una kazi. Injini ikizima, breki inakuwa nyepesi mara mbili tatu tu za mwanzo, kisha inakuwa ngumu kama unakanyaga jiwe. Usukani nao unakuwa mzito. Mweke dereva mwenye nguvu na akili tulivu, asiwe kijana wa kujaribia.

Ukilazimika kutumia kamba kwa kipande kifupi, iwe ya mita 4 au 5, kitambaa chekundu katikati, na gunia zito juu yake ili ikikatika isiruke kichwani mwa mtu. Wa nyuma aguseguse breki kidogo kamba isilegee. Mteremko kama Kitonga usiushuke kwa kamba hata siku moja. Tafuta lori.

Mkiwa njiani

Ufunguo uwe umewashwa, la sivyo usukani utajifunga. Taa za dharura ziwake, betri iwe nzima. Abiria wasiwepo kwenye gari linalovutwa, mizigo ishushwe. Gari linalovuta liwe zito kuliko linalovutwa. Mwendo usizidi 40 au 50, na mchana tu. Kubalianeni ishara kabla: honi moja ni punguza, mbili ni simama.

Simameni baada ya kilomita chache za mwanzo, mguse habu, difu na transfa kwa mkono. Uvuguvugu ni sawa. Ikikuunguza, safari imeisha. Maliza ukaguzi kabla ya kuingia hifadhi ya Mikumi, kwa sababu zile kama kilomita 50 si mahali pa kushuka na spana.

Mara ya pili

Mwaka huu Hilux ileile imekufa tena, safari hii pampu ya dizeli. Mzee alinipigia simu. Nilipofika nilikuta habu ziko FREE, kijiti 2H, propela imelala juu ya turubai, mstari mweupe wa rangi pande zote mbili, mawe nyuma ya tairi. Akaniambia, "Kagua bwana shamba, kisha uniambie twende."

Nilikagua mara mbili, nikalala chini ya gari mpaka shati likajaa vumbi. Ndipo nikasema twende. Tulifika Morogoro jioni, polepole, transfa ya baridi. Hela ya mbolea bado iko benki.

Kabla msimu haujaanza, nenda kalitazame gari lenu. Jua kama ni fo wili ya muda wote au ya kuingiza, jua habu ziko wapi, na weka spana inayoingia nati za propela ndani ya gari. Kazi ya nusu saa. Mimi na mzee tulilipia somo hili kwa msimu mzima.